Chawa wa Kichwani: Kuwaondoa Nyumbani kwa Hesabu ya Siku

Kata ya Ngonga ipo wilayani Kyela, katika nchi tambarare iliyo kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ni nchi ya joto na mvua nyingi, ya mpunga, kokoa, migomba na michikichi. Katika nyumba nyingi za huko, kama ilivyo mahali pengi nchini, watoto watatu au wanne hulala kitanda kimoja au mkeka mmoja. Chawa wa kichwani akishaingia katika nyumba ya namna hiyo hahitaji mabawa ili amfikie kila mtoto. Usiku mmoja wa vichwa kugusana humtosha.

Chawa hawa huwasha, husumbua usingizi na humtia mtoto aibu mbele ya wenzake, lakini kwa kawaida hawaui. Kinachoweza kuua ni baadhi ya tiba zinazotumiwa dhidi yao. Mzazi aliyechoka kumwona mtoto akijikuna hukimbilia chupa ya mafuta ya taa, au huingia stoo na kuchukua mabaki ya dawa iliyonunuliwa kwa ajili ya wadudu wa mpunga na kokoa, akampaka mtoto kichwani. Hufanya hivyo kwa sababu alikwisha jaribu njia nyingine na chawa wakarudi baada ya wiki mbili, naye akahitimu kwamba dawa ile ilikuwa hafifu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi kosa halikuwa katika nguvu ya dawa, bali katika hesabu ya siku. Anayejua kalenda ya maisha ya chawa anaweza kumwondoa nyumbani kwa gharama ndogo, bila kumtia mtoto hatarini.

Mdudu mwenyewe

Chawa wa kichwani, ambaye wanasayansi humwita Pediculus humanus capitis, ni mdudu asiye na mabawa, mwenye miguu sita na urefu wa milimita 2 hadi 3, yaani kiasi cha mbegu ya ufuta. Kila mguu huishia kwenye ukucha mmoja uliopinda kama ndoana, ambao huukumbatia unywele barabara. Umbo hili humfanya awe hodari wa kutambaa juu ya nywele, lakini humfanya dhaifu mahali pengine popote. Hawezi kupaa wala kuruka kama kiroboto, na juu ya kitu laini hutambaa kwa taabu. Chakula chake ni damu ya binadamu peke yake, naye huinywa mara kadhaa kwa siku. Akitengwa na kichwa hufa kwa njaa na ukavu, kwa kawaida katika muda wa siku moja au mbili.

Jike hutaga mayai kama sita kwa siku, wakati mwingine zaidi. Kila yai hubandikwa kwenye unywele mmoja kwa gundi ambayo haiyeyuki kwa maji wala kwa sabuni. Mayai mengi huwekwa karibu sana na ngozi, katika umbali wa milimita 6 hivi, kwa kuwa ni huko tu ndiko liliko joto la kuyaatamia. Baada ya siku 7 hadi 10 hutoka tunutu, mdogo kiasi cha kichwa cha pini, ambaye huanza kunywa damu mara moja. Hujivua ngozi mara tatu, na siku 9 hadi 12 tangu aanguliwe huwa chawa kamili. Jike akishapandwa huanza kutaga siku moja au mbili baadaye, na huweza kuishi kichwani kwa muda wa mwezi mmoja hivi.

Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi hapa. Jike mmoja akitaga mayai 6 kwa siku kwa siku 20, yatakuwa mayai 120. Hata kama theluthi mbili ya watoto wake wakifa, watabaki 40, na nusu yao huenda wakawa majike. Kwa hesabu ya karatasi, kichwa kingejaa chawa kama siafu katika muda mfupi. Lakini vichwa vingi vinavyochunguzwa hukutwa na chawa wakubwa wasiozidi 20, kwa sababu kujikuna, kuchana na kuosha nywele huwapunguza kila siku. Hivyo basi kila nyumba yenye chawa tayari imo katika mapambano, na pande mbili zimetoshana nguvu. Kinachohitajika ni kuongeza upande mmoja kidogo, kwa siku za kutosha.

Mwasho hausababishwi na miguu ya chawa kutambaa, kama watu wengi wadhanivyo. Ni matokeo ya mate yake, ambayo mwili hujifunza polepole kuyachukia. Mtu anayepata chawa kwa mara ya kwanza maishani huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa. Jambo hili lina maana kubwa nyumbani: siku ambayo mtoto wa kwanza anaonekana akijikuna, huenda ndugu zake wana chawa wa wiki tatu ambao hawajawasumbua bado. Kumtibu anayejikuna peke yake ni kuwaacha chawa wapumzike kwenye kichwa cha jirani hadi dawa ipite. Wahenga waliposema kidole kimoja hakivunji chawa walikuwa wakizungumzia ushirikiano wa watu, lakini kwa suala hili maneno yao ni kweli kwa maana zote mbili.

Aibu isiyo na msingi

Katika Afrika Mashariki wapo wanaoamini kwamba chawa wa kichwani ni wa watu wenye nywele za singa, na kwamba nywele za kipilipili haziwezi kuwabeba. Imani hii ina chembe ya ukweli iliyotoka mbali. Nchini Marekani watoto wenye asili ya Afrika hupata chawa kwa nadra zaidi kuliko wenzao, na maelezo yanayotolewa ni kwamba kucha za chawa wengi wa huko zimezoea unywele wa mviringo, ilhali unywele wa kipilipili ukikatwa huonekana bapa kidogo. Chawa wa Afrika, hata hivyo, wana kucha zinazoufaa unywele wa Kiafrika. Kila mahali mdudu huyu amekuwa akifuata umbo la mwenyeji wake.

Uhusiano huo ni wa kale mno. Sokwe mtu, wakiwamo wale wa jamii wanaoishi katika hifadhi za Gombe na Mahale mkoani Kigoma, wana chawa wao ambaye ni ndugu wa karibu wa chawa wa binadamu. Wanasayansi waliolinganisha jeni za wadudu hawa wawili wamekadiria kwamba koo zao zilitengana miaka milioni 6 hivi iliyopita, kiasi cha wakati ule ule ambapo ukoo wa binadamu na ule wa sokwe mtu ulipoachana. Kwa maneno mengine, binadamu hakuokota chawa njiani kwa uchafu wake. Alitoka naye nyumbani.

Wala chawa hachagui kichwa kichafu. Anachohitaji ni nywele, joto na damu, na vitu hivi vitatu vinapatikana kwa mtoto wa daktari kama kwa mtoto wa mvuvi. Mtoto anayeogelea ziwani au mtoni kila siku hapati kinga kwa sababu hiyo, kwani chawa akizamishwa majini hufunga matundu ya hewa yaliyo ubavuni mwake, hukaza kucha zake na kutulia, na huweza kubaki hai kwa saa kadhaa. Ni muhimu walimu wayajue haya kabla ya kumsimamisha mwanafunzi mbele ya mstari. Neno lenyewe limekwisha kuwa tusi: mitaani siku hizi chawa ni mtu anayejibandika kwa mkubwa ili ale kwake. Mfano huo hauna dosari kubwa kibiolojia, isipokuwa kwamba chawa wa kichwani hana desturi ya kumsifu mwenyeji wake.

Sehemu ya hofu inayowazunguka chawa inatokana na kuchanganya wadudu wawili. Chawa wa mwilini hufanana sana na yule wa kichwani, lakini huishi na kutaga katika mishono ya nguo, na huenda kwenye ngozi wakati wa kula tu. Huyu ndiye mwenye historia ya kutisha. Mwaka 1909 daktari Mfaransa Charles Nicolle, akiwa Tunis, aliona kwamba wagonjwa wa taifasi waliwaambukiza watu majumbani na hata mlangoni pa hospitali, lakini walipokwisha kuogeshwa na kuvuliwa nguo zao hawakumwambukiza mtu tena wodini. Alihitimu kwamba mbeba ugonjwa alibaki kwenye nguo, na kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1928. (Taifasi isichanganywe na taifodi, ambayo ni homa ya matumbo na huenezwa kwa maji na chakula.) Katika Afrika Mashariki taifasi ilizuka upya nchini Burundi katika miaka ya 1990, wakati vita vilipowajaza watu makambini bila nguo za kubadili. Iliwapata makumi ya maelfu ya watu, nao waliita ugonjwa huo sutama. Chawa wa kichwani hajulikani kueneza magonjwa hayo kwa kiasi cha kuleta mlipuko. Madhara yake makuu ni vidonda vya kujikuna, ambavyo huingiwa na bakteria, vikatoa usaha na kuvimbisha tezi za shingoni. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kwenda zahanati kwa ajili ya vidonda, si kwa ajili ya chawa.

Kunyoa

Njia ya zamani kuliko zote ndiyo pia ya uhakika kuliko zote. Kwa kuwa mayai huwekwa katika milimita chache za mwanzo za unywele, na kwa kuwa chawa mkubwa anahitaji unywele wa kushikilia, kichwa kilichonyolewa kabisa hakina pa kumweka mdudu huyu. Desturi ya shule nyingi za Tanzania ya kuwataka wanafunzi, wavulana kwa wasichana, wakate nywele fupi imekuwa kinga kubwa hata pale ambapo haikuwekwa kwa nia hiyo. Kukata nywele zikabaki sentimita moja au mbili hakuwaui chawa, lakini huwafanya waonekane kwa urahisi na hurahisisha kazi ya kitana.

Tahadhari mbili zinahitajika. Wembe mmoja usipite vichwa viwili, kwa kuwa mkwaruzo mdogo unatosha kuhamisha virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini. Mashine ya kunyolea nayo huhamisha ukungu wa mapunye kutoka kichwa hadi kichwa, na mapunye ni tatizo sugu zaidi kwa watoto wa shule za msingi kuliko chawa wenyewe. Mashine isafishwe kwa spiriti kila baada ya mtu mmoja. Kumtoa mtoto chawa na kumrudishia mapunye si maendeleo.

Wapo wasioweza au wasiotaka kunyoa: dada aliyesuka, mama mwenye nywele ndefu, msichana wa sekondari ambaye nywele zake ni sehemu ya heshima yake. Kuwalazimisha si lazima, maana kuna njia nyingine.

Kitana

Mwaka 2016 wachimbuaji wa mambo ya kale walipata huko Lachish, katika nchi ya Israeli ya leo, kipande kidogo cha kitana kilichochongwa kwa pembe ya ndovu. Miaka michache baadaye ilionekana kwamba kilikuwa kimechorwa herufi ndogo mno, na mwaka 2022 zikatangazwa kusomwa: ni sentensi kamili ya kuomba kwamba kitana hicho kiwang'oe chawa wa nywele na wa ndevu. Wataalamu wanakadiria umri wake kuwa miaka 3,700 hivi, nayo ni miongoni mwa sentensi kamili za kale zaidi zinazojulikana kuandikwa kwa alfabeti. Upande mmoja kitana kilikuwa na meno machache mapana ya kuchambulia nywele, na upande wa pili meno mengi yaliyobanana ya kukamatia wadudu. Umbo hilo halijabadilika hadi leo.

Kitana kinachofaa ni kile ambacho nafasi kati ya meno yake ni ndogo kuliko upana wa chawa, yaani sehemu ya milimita tu. Vitana vya chuma ni bora kuliko vya plastiki ambavyo meno yake hupanuka. Nywele zioshwe, kisha zikiwa bado zimelowa zipakwe kwa wingi kitu cha kuteleza: losheni ya kulainishia nywele, au mafuta ya nazi au ya mawese. Mafuta hayo hayawekwi ili kuwaua chawa. Huwafanya watulie na hukiwezesha kitana kupita. Nywele zichambuliwe kwa chanuo kwanza, zigawanywe mafungu madogo, na kila fungu lichanwe kwa kitana kuanzia ngozini kabisa hadi nchani. Baada ya kila mchano kitana kifutwe juu ya kitambaa cheupe ili kilichonaswa kionekane. Kwa nywele nyingi kazi hii huchukua saa nzima, na kwa nywele za kipilipili zilizosokotana ni taabu ya kweli. Ndiyo sababu kuzipunguza kwanza kunapendekezwa. Nywele zilizosukwa lazima zifumuliwe.

Sasa ifuatayo ndiyo hesabu yenyewe. Chukua siku ya kwanza ya kuchana kuwa siku ya 1, kisha urudie siku ya 5, ya 9 na ya 13. Siku ya 1 huondoa chawa wakubwa, lakini mayai hubaki. Mayai yaliyobaki yataanguliwa kidogo kidogo hadi kufikia siku ya 11. Kwa kuwa tunutu anahitaji angalau siku 9 ili akue, na kuchana kunafanyika kila siku ya nne, hakuna tunutu atakayepata nafasi ya kuwa mzazi kabla kitana hakijampitia mara mbili. Yule wa mwisho, aliyeanguliwa siku ya 11, atakuwa na siku mbili tu siku ya 13, na kwa udogo wake huenda akaponyoka kati ya meno. Kwa hiyo kuna uchunguzi wa siku ya 17, wakati ambapo atakuwa na siku 6: mkubwa wa kutosha kunaswa, mchanga mno kutaga. Kama siku hiyo kitambaa kinabaki kitupu, kazi imekwisha. Kama chawa mkubwa akipatikana wakati wowote baada ya siku ya 1, huyo si wa zamani. Ni mgeni, naye ametoka kwenye kichwa ambacho hakikuchanwa.

Katika jaribio moja lililochapishwa Uingereza mwaka 2005, watoto waliochanwa kwa ratiba ya namna hii walipona kwa asilimia 57, na waliotumia dawa za dukani kwa asilimia 13 tu. Asilimia 57 si ushindi kamili, wala haishangazi kwa kazi inayotegemea subira ya mzazi. Lakini mwalimu atakuwa na swali la kuwauliza wanafunzi: kwa nini dawa za madukani zilifanya vibaya kiasi hicho?

Dawa, kutoka milima ya jirani

Jibu linahusu zao ambalo watu wa Nyanda za Juu Kusini wanalijua vema. Pareto, ua jeupe lenye moyo wa njano, hulimwa katika milima inayoitazama Kyela kutoka juu, kama vile Umalila na Makete, na kiwanda cha kukamua maua yake kipo Mafinga mkoani Iringa. Sumu iliyomo ndani ya ua hilo hushambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Katika kuta za chembe za mishipa hiyo kuna milango midogo inayopitisha chumvichumvi ya sodiamu, ambayo hufunguka na kufunga mara moja kila ishara inapopita. Sumu ya pareto huizuia milango hiyo isifunge, ishara zikapita mfululizo bila kikomo, na mdudu akatetemeka na kupooza. Mwili wa binadamu huivunja sumu hiyo upesi, na kwa hiyo haumdhuru sana.

Pareto ina udhaifu mmoja, nao ni kwamba jua huiharibu haraka. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza dawa iliyoigiza pareto lakini yenye kustahimili jua, nayo ni permethrini. Hii ndiyo iliyomo katika losheni nyingi za chawa, kwa kiwango cha asilimia 1, na ndiyo iliyotiwa pia katika baadhi ya vyandarua vya kuzuia mbu. Losheni hupakwa kwenye nywele zilizooshwa na kukaushwa kwa taulo, huachwa dakika 10, kisha husuuzwa. Kwa kuwa haiui mayai yote, ni lazima irudiwe siku ya 9, kwa hesabu ile ile iliyokwisha elezwa. Wengi hawairudii.

Hata wanaoirudia huweza kushindwa, kwa sababu chawa wamejifunza, ikiwa neno hilo linaruhusiwa. Katika nchi nyingi wamepatikana chawa ambao jeni ya milango ile ya sodiamu imebadilika mahali padogo, na sumu haipati tena pa kushika. Wanaoishi baada ya dawa ndio wanaozaa, na vizazi vichache baadaye dawa haina kazi. Ni jambo lile lile lililotokea kwa DDT. Ilizuia mlipuko wa taifasi mjini Naples mwanzoni mwa mwaka 1944, lakini miaka michache tu baadaye chawa wa mwilini waliokuwa sugu kwake walionekana katika vita vya Korea. Kuongeza kipimo hakusaidii dhidi ya usugu wa namna hiyo. Losheni ikishindwa mara mbili, ibadilishwe njia.

Dawa ya pili inaihusu Kyela kwa namna ya pekee. Mito inayoshuka kwa kasi kutoka milima ya Rungwe kwenda ziwani ni mazalio ya usubi, nzi mdogo anayeeneza minyoo ya upofu wa mtoni, na wilaya ya Kyela imo katika eneo la ugonjwa huo ambalo wataalamu huliita eneo la Tukuyu. Kwa miaka mingi wakazi wa vijiji vyenye ugonjwa huo wamegawiwa vidonge vya ivermektini, vinavyopimwa kwa kumsimamisha mtu kando ya kijiti chenye alama za urefu. Wagunduzi wa dawa hii, Satoshi Ōmura wa Japani na William Campbell, walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Ivermektini huingia katika damu, na chawa anayeinywa damu hiyo hupooza. Je, basi ugawaji huo umewamaliza chawa? Hauwezi. Dawa hupungua mwilini katika siku chache, haiyagusi mayai, na hutolewa mara moja au mbili kwa mwaka. Huko Brazili, ambako ilitolewa kwa jamii moja ya wavuvi dhidi ya minyoo na vimelea vya ngozi, chawa walikaribia kutoweka baada ya mwezi mmoja, lakini miezi tisa baadaye walikuwa wamerudi kwa sehemu kubwa. Mganga akiiagiza kwa ajili ya chawa, huitoa mara mbili, kwa kuachana siku 7 hadi 10. Haitolewi kwa watoto wadogo wenye uzito chini ya kilo 15 wala kwa wajawazito. Ile ya sindano inayouzwa kwa ajili ya ng'ombe isiguswe kabisa. Kipimo chake ni cha mnyama wa mamia ya kilo.

Vitu visivyopaswa kufika kichwani

Mafuta ya taa huichubua ngozi ya kichwa, na yakivutwa mapafuni, hata kidogo, huleta nimonia ya hatari. Jikoni kwenye moto wa kuni mtoto aliyepakwa mafuta hayo ni utambi. Aliyeyanywa kwa bahati mbaya asitapishwe, kwa kuwa kutapika ndiko kunakoyapeleka mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja.

Dawa za shambani ni hatari zaidi. Nyingi ni za kundi linalozuia kimeng'enya ambacho mishipa ya fahamu ya wadudu na ya binadamu huitegemea sawasawa. Ngozi ya kichwa ina damu nyingi na huzipitisha haraka, hasa ikiwa imechubuka kwa kujikuna. Dalili zake ni mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, kisha kushindwa kupumua. Mtoto avuliwe nguo zote, aoshwe kichwa na mwili kwa maji mengi na sabuni, na akimbizwe kituo cha afya pamoja na chupa ya dawa ili mganga asome jina lake. Mkono unaomwosha uvae glavu au mfuko wa plastiki.

Nyumba yenyewe haihitaji kupuliziwa dawa, wala godoro kuchomwa. Chawa aliyeanguka amekwisha kufa au anakufa. Foronya, kanga na vilemba vilivyotumika katika siku mbili zilizopita vifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au vipigwe pasi. Joto linalozidi nyuzi 54 za sentigredi kwa dakika tano huua chawa na mayai pia. Vitana vitumbukizwe katika maji ya moto. Nguvu zilizobaki zielekezwe kwenye vichwa vya wote wanaolala pamoja, na siku moja: baba, bibi aliyekuja kusalimia, na mtoto wa shangazi anayekuja kulala siku za Ijumaa.

Baada ya siku ya 17 mama wa nyumba huweza kushtuka kuona bado vitu vyeupe nyweleni. Kwanza avisukume kwa kidole. Mba na mabaki ya mafuta hupukutika, ila yai halitoki. Kisha atazame lipo wapi. Yai hai huwa na rangi ya kahawia hafifu na hukaa karibu na ngozi. Ganda tupu ni jeupe, hung'aa, nalo huonekana kirahisi zaidi kuliko yai lenyewe. Unywele hukua kiasi cha sentimita moja kwa mwezi au pungufu kidogo, ukilibeba ganda hilo kwenda mbali na ngozi. Ganda lililo sentimita mbili kutoka ngozini, kwa hiyo, liliwekwa miezi miwili au zaidi iliyopita, na aliyekuwa ndani yake amekwisha kuondoka zamani. Hakuna sababu ya kumzuia mwanafunzi wa namna hiyo asiingie darasani.